Majina Arobaini na Matatu ya Darasa la Sita

Manika, Kolwezi
Jumapili, tarehe 19 Septemba 1993

Mpendwa Baba mkubwa Tshimanga,

Jambo yenu nyote huko Mwene-Ditu. Mmeamkaje? Ule mguu wako wa kushoto, uliovimba kwa zile siku zote za kukaa kwenye gari moshi, umepona kabisa au bado unakusumbua kukiwa na baridi? Mama mkubwa Ndaya anapata usingizi? Na mdogo wangu Mbelu, bado anakataa kula asubuhi halafu saa nne anaanza kumsumbua mama yake jikoni? Nawauliza kila siku kichwani, na kila siku najijibu kwamba mko wazima, kwa sababu jibu lingine silitaki.

Sisi huku tunapumua. Mama Mamie ana kikohozi cha vumbi la kiangazi lakini kanisani anaimba kuliko wote, kwa hiyo hatumwonei huruma sana. Baba Kitenge bado anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa tai yake na kwenda ofisini kwenye kampuni ya migodi, ingawa siku nyingi hakuna hata karatasi moja mezani kwake. Ukienda upande wa Mutoshi utaona mashine zimesimama na majani yameota katikati ya reli. Baba anasema akiacha kwenda kazini atasahau njia.

Barua hii anakuletea Aruna, yule mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa jirani yenu, maana posta siku hizi ni jengo tu. Nimempa vitu vitatu: barua hii, bahasha nene ya kaki, na kifurushi nilichokifunga kwa kitambaa cha Mama. Naomba usifungue bahasha kabla ya kumaliza kusoma. Ulitukataza darasani kuruka mpaka ukurasa wa mwisho, basi leo ni zamu yako kuvumilia. Nakutuliza moyo kidogo tu: ni habari njema. Na ile kalamu yako nyekundu iweke chini, makosa yangu utayasahihisha mwaka ujao.

Unajua kwamba mwezi wa sita nilikwenda Kinshasa, lakini hujui nilikwendaje. Masomo ya chuo Lubumbashi yalikuwa yamesimama, nami nilikuwa nakaa nyumbani nikichambua majani ya sombe na hasira. Padri wa parokia akamwambia Mama kwamba Mheshimiwa Kabemba, mtu wa kwetu aliyeko bungeni, anatafuta stagiaire, yaani mwanafunzi wa kumfanyia kazi msimu wote wa kiangazi. Alitaka mtu anayejua kupiga mashine na kusoma Kiswahili cha huku. Alikuwa kwenye tume inayopokea malalamiko ya watu waliofukuzwa, na barua nyingi ziliandikwa kwa Kiswahili ambacho makarani wa kule walikiona kama michoro ya kuku.

Mama aliposikia “bunge” akashona nguo mbili kwa siku tatu. Aliponiona naweka kitabu chako ndani ya valise, akachukia.

“Ile kitabu unaipeleka Kinshasa juu ya nini? Valise iko imejaa.”

Nilimwambia siwezi kukiacha. Baba mkubwa, nadhani unaikumbuka siku ile ya kufukuzwa kwenu kuliko mimi. Watu pale ku gare, kwenye stesheni ya treni, walibeba magodoro, cherehani, hata milango ya nyumba zao. Wewe ulikuwa na sanduku moja la nguo, na chini ya kwapa kitabu cha majina cha darasa lako la sita la sekondari, la mwaka ule uliopita. Watu walikucheka, hata mimi nilicheka kidogo, nisamehe. Treni ilipokaribia kuondoka ukanipa kitabu kile na kuniambia, “Chunga hii. Siku moja batauliza nani alikuwa mu classe.” Nilidhani ni uchungu unaongea. Lakini nilikichunga.

Kinshasa ni mji wa kelele, hilo utaamini bila mimi kuapa. Wakinisikia nikiongea walikuwa wananiita “Katangaise”, msichana wa mkoani kwetu, na kunicheka, na bukari yao, ugali wa mihogo mitupu, ilinikaa tumboni kama matofali. Nililala kwa masista wa Lingwala, vitanda sita chumba kimoja. Asubuhi nilivaa gauni la bluu la Mama, nikatembea mpaka bungeni kifua mbele, na kufika pale nikapewa ufagio. Wiki ya kwanza ya siasa yangu, Baba mkubwa, nilifagia vumbi na kuchemsha chai.

Lakini siku ya nne niliomba ruhusa nikaenda kwenye ofisi inayoshughulikia mitihani kumuulizia Mbelu. Nilikuwa sijasahau hata siku moja. Anamaliza darasa la sita mwezi wa sita mwaka jana, anafanya mtihani wa Serikali na wenzake wote, wanangoja matokeo, matokeo ya shule yetu hayaji, halafu badala ya matokeo yanakuja mambo ya kufukuza watu wenye asili ya mkoa mwingine. Nilijua kwamba bila diploma shule ya wauguzi ya huko haitampokea, na kwamba mwisho wa kuandikishwa ni Oktoba. Nilijua pia ulivyoandikiwa na mkuu wa shule hiyo kwamba kama jina lake halikuonekana, basi ahesabu ameanguka. Yule mtoto aliyekuwa anafunga vidonda vya kuku wetu kwa vitambaa, eti ameanguka biolojia.

Pale ofisini walinijibu kwa adabu. Matokeo yapo, walisema, lakini hawampi mtu mmoja mmoja. Wanasubiri tume yetu iwapelekee orodha za watahiniwa wa kila shule iliyovurugika, na namba zao za mtihani, ndipo watoe diploma. Orodha zingepitishwa kwenye kikao cha tarehe kumi na mbili mwezi wa nane, na baada ya hapo mlango ungefungwa. Nilirudi nikiruka. Niliona jambo lenyewe limo mikononi mwetu, kilichobaki ni kungoja barua za wanafunzi wa Kolwezi zije.

Sasa sikiliza nilivyokuwa mjinga, na nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye mwalimu wangu.

Mkuu wa chumba cha barua alikuwa mzee anayeitwa tata Séraphin, mtu wa Kongolo aliyeishi Kinshasa maisha yake yote. Ana miwani iliyofungwa kwa uzi na huruma anayoificha chini ya ukali. Alinifundisha kazi yake. Kila barua inaandikiwa kadi. Juu ya kadi, kwa kalamu nyekundu, makarani wanaandika asili ya mtu, kama ilivyo kwenye kitambulisho: kijiji na zone, yaani wilaya, ya baba yake. Chini yake ndipo jina, shule, na anachoomba. Kazi yangu ilikuwa kutazama mstari mwekundu na kuiweka kadi kwenye droo yake. Gandajika, Gandajika. Kabongo, Kabongo. Zilikuja kadi mia mbili, mia tatu kwa siku. Nilikuwa na mkono mwepesi, na tata Séraphin alianza kunisifu mbele za watu. Nilikuwa nasoma mstari mwekundu tu.

Tarehe sita Agosti Mheshimiwa Kabemba akaniomba niandae ripoti ya shule za kwetu. Nikafungua droo iliyoandikwa Kolwezi. Ndani kulikuwa na kadi tatu, zote za watu wanaodai pensheni. Nilisikitika, nikadhani barua zenu zimepotea njiani. Nikakaa kwenye mashine na kupiga kwa vidole vyangu hivi: “Kolwezi: néant.” Hakuna. Akatia sahihi, nikaona kazi imekwisha.

Jumatatu, tarehe tisa, ikaja kadi yenye barua iliyobandikwa kwa pini. Mstari mwekundu ulisema Gandajika. Mkono wangu ulikuwa umeshavuta droo na kuidumbukiza nilipoona kwenye ile barua herufi T yako yenye mkia mrefu. Nilitandikwa miaka mitatu kwa sababu ya kutoweza kuandika T kama ile. Nikaitoa. Mbelu Tshimanga, darasa la sita, Manika, anaomba matokeo yake.

Baba mkubwa, nilikaa sakafuni. Mbelu hajawahi kuiona Gandajika hata kwenye ramani. Amezaliwa Kolwezi, jina lake liko kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia yetu, nami mwenyewe nilimbeba mgongoni kwenye barabara za Manika. Na mimi, bila hata kufikiri, kwa sababu ndivyo karatasi za nchi hii zinavyotuuliza tangu tuzaliwe, nilikuwa nimemweka Gandajika. Nilikuwa nimewafukuza mara ya pili, safari hii kwa vidole vyangu na kwa kusifiwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nikaanza kuvuta droo moja baada ya nyingine. Kabeya nikamkuta Mwene-Ditu, barua yake imetumwa na mama yake. Wengine walikuwa Kabinda, Luiza, Miabi. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hata waliobaki huku hawakuwemo Kolwezi. Unamkumbuka Kisimba, yule mrefu wa dawati la nyuma, ambaye baba yake alisimama ku gare akipiga kelele wageni warudi kwao? Mwanawe yule nilimkuta kwenye droo ya Mutshatsha. Mimi mwenyewe ningejitafuta ningejikuta Kabongo, kwa babu yangu, mahali nisipojua hata njia ya kwenda kisimani. Kwa karatasi zile, hakuna mtoto hata mmoja wa Kolwezi aliyekuwa mtu wa Kolwezi.

Nilimwendea tata Séraphin nikamweleza kwamba kadi za wanafunzi lazima zipangwe upya kwa shule, na kikao ni Alhamisi. Alinitazama juu ya miwani.

“Mutoto, hii kazi tunaifanyaka hivi mbele weye uzaliwe.”

“Tata, weye ningekuweka mu droo gani?”

“Kongolo.”

“Ulitoka Kongolo na miaka ngapi?”

Alisema alitoka na miaka tisa, na kwamba watoto wake wanane hakuna anayeijua. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akavuta droo ya Gandajika mpaka ikatoka yote, akaiweka juu ya meza. Tulifanya kazi siku ile na siku iliyofuata, mimi na yeye, na wale makarani waliokuwa wananiita Katangaise wakaja kusaidia bila kuombwa. Mmoja wao alituletea ndizi. Jumanne jioni shule yetu ilikuwa na kadi arobaini na moja.

Shida ya pili ikaja hapo hapo. Hakuna kadi hata moja iliyokuwa na namba ya mtihani. Ningeshangaa nini? Vile vikaratasi vyenu vya namba vilibaki kwenye nyumba zilizovunjwa, au vililowa mvua ku gare mkilala nje wiki saba. Na ofisi ya mitihani bila namba haisogei.

Nadhani sasa umeanza kutabasamu, kwa hiyo acha niseme mwenyewe. Nilikimbia mpaka Lingwala, nikafungua valise, nikatoa kitabu chako chini ya nguo za Mama. Kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, kwa penseli iliyochongwa vizuri, ulikuwa umeandika namba ya kila mmoja. Mbelu alinisimulia siku ya mtihani ulivyozunguka dawati kwa dawati ukinung'unika kwamba watoto hawa hawawezi kutunza hata kalamu, seuze namba. Namba zote zilikuwepo. Na majina hayakuwa arobaini na moja, yalikuwa arobaini na matatu, kwa sababu wawili barua zao hazikufika kabisa. Nikawapiga mashine wote, kwa mpangilio wako, bila mstari mwekundu.

Jumatano nikampelekea Mheshimiwa Kabemba. Sitaki kumsema vibaya, ni mtu aliyenipokea na kunilisha siku nyingine. Lakini alipoisoma orodha akaiweka chini kana kwamba ina moto.

“Mignonne, huku ishirini na tisa ni bale benye balienda. Batu ba kwetu batasema nini? Batasema Kabemba anatumikia bale.”

Stagiaire anaweza kurudishwa kwao kwa neno moja. Lakini nilikuwa nimekaa miezi miwili kwenye nyumba ya siasa na kuna kitu nilikuwa nimejifunza. Nilimwambia, “Honorable, soma na bale kumi na bane. Kisimba ni mutoto wa yule tata mwenye alikupigia kampeni Mutshatsha. Orodha ya shule haikatike nusu. Kama inaanguka, na Kisimba anaanguka.” Aliziweka karatasi zote mbili kwenye mkoba, ile ya “néant” na ile ya majina, na mimi sikujua Alhamisi atatoa ipi.

Alhamisi tulikaa kama kawaida, waheshimiwa mezani na sisi stagiaire ukutani. Sisi haturuhusiwi kusema, kazi yetu ni kupokeza karatasi. Mwenyekiti wa tume ni mzee wa Bas-Congo mwenye sauti ndogo. Akaita mji baada ya mji. Alipoita Kolwezi, Mheshimiwa Kabemba akafungua mkoba, akazitazama zile karatasi mbili, akapapasa mifuko yote ya koti. Halafu akageuka kwangu.

“Mi nimeacha lunettes ku nyumba. Mutoto wangu ndiye atasoma.”

Akanipa ile ya majina. Miwani ilikuwa inaonekana kwenye mfuko wake wa kifuani, Baba mkubwa, na mimi niliiona, na yeye aliniona nikiiona. Alitaka siku wakimuuliza aseme ni stagiaire aliyesoma. Sikujali. Niliichukua kwa mikono miwili kama komunyo.

Nikasimama nikasoma. Sijui kusoma orodha kwa namna nyingine ila ile uliyotufundisha wewe: jina la ukoo kwanza, sauti wazi, halafu unanyamaza mpaka mtu ajibu. Nikasoma la kwanza nikanyamaza. Nikasoma la pili nikanyamaza. Katika la tano mwenyekiti akaniuliza kwa Kifaransa kwa nini nakwama, kama maandishi hayaonekani. Nikamjibu kwamba sijakwama, nawaachia nafasi ya kuitikia, kwa sababu darasani kwetu hakuna jina linalopita kabla mwenyewe hajasema yupo. Mtu mmoja alicheka kidogo akaacha. Yule mzee akavua miwani yake, akasema niendelee vile vile, na niende polepole.

Nilisoma arobaini na matatu. Kisha nikafika kwa Kabeya. Wewe ndiye uliyemfumba macho pale ku gare, wiki ya tatu ya kungoja treni, kwa homa ambayo nyumbani kwao ingetibiwa kwa siku mbili. Kwenye kadi mama yake alikuwa ameomba matokeo bila kuandika kwamba amefariki. Nami sikuandika. Nilisoma jina lake na namba yake, nikangoja kama nilivyongoja kwa wote, na chumba kizima kikangoja nami. Nyuma yangu, karibu na mlango, nilisikia tata Séraphin akisema “présent”, yupo, kwa sauti ndogo. Sikugeuka, maana ningegeuka nisingemaliza.

Orodha ilipitishwa bila mtu hata mmoja kupinga. Hata Mheshimiwa Kabemba aliinua mkono, na akauinua juu sana.

Bahasha kutoka ofisi ya mitihani ilikuja tarehe ishirini na saba, siku yangu ya mwisho. Niliifungulia kwenye korido, nimekaa chini na gauni la bluu, nikalia na kucheka kwa pamoja mpaka mlinzi akaja kuuliza nani amekufa. Baba mkubwa, darasa lako. Kati ya arobaini na watatu, thelathini na sita wamefaulu. Shule kubwa za Kinshasa zenye madirisha mazima hazikupata hivyo. Saba wameanguka, na Mwenze ni mmojawapo, kwa hesabu, kama ulivyomwahidi.

Mbelu amefaulu. Asilimia sitini na nne. Biolojia ndiyo iliyombeba. Sasa mwite, mwambie aache anachofanya, mwambie dada yake Mignonne anasema avae nguo nzuri akaandikishwe kabla ya Oktoba, na yule aliyesema ahesabu ameanguka mpelekeeni nakala.

Nilirudi Kolwezi kwa ndege ya mizigo, nimekaa kati ya magunia ya unga, na sikuhisi hata mfupa mmoja. Kumbe habari zilinitangulia. Redio ilisema Mheshimiwa Kabemba amewapigania watoto wa Kolwezi, na huku Manika wanamsifu kila kona. Mama alitaka kwenda kuwaeleza ukweli sokoni. Nilimzuia. Acha ale sifa zake, karatasi ninazo mimi.

Waliobaki huku, kumi na wawili wamefaulu, na nimewapa diploma zao mimi mwenyewe sebuleni kwetu, Baba akiwa ameivaa tai yake kama shahidi. Kwa Kisimba alikuja baba yake. Aliuliza zilipatikanaje wakati kila mtu alisema zimepotea. Sikumhutubia. Nilimfungulia kitabu, nikamwonyesha ukingo wa kushoto, namba ya mwanawe kwa penseli. Alipitisha kidole juu yake.

“Ni mwalimu Tshimanga ndiye aliandika hii?”

“Ni yeye, tata.”

Alikunywa chai yake. Kisha akasema nikikuandikia nikusalimu. Sijui kama utaipokea salamu hiyo au utaikataa, na sitakulaumu kwa lolote. Mimi nimeibeba tu.

Nilipita pia kwenye nyumba yenu. Wanaishi watu wengine, unajua. Lakini ule ubao mweusi ulioupaka kwenye ukuta wa nje, hawajaufuta. Watoto wao walikuwa wamechora hesabu ya kugawanya, na wamekosea. Nilichukua kipande cha chaki nikawarekebishia, kwa njia yako. Niliondoka haraka kwa sababu nilianza kukasirika na sikutaka kukasirikia watoto.

Sasa unaweza kufungua bahasha. Ndani zimo diploma ishirini na nne. Naomba usizigawe kama mtu anayegawa maji. Kusanya walioko Mwene-Ditu na karibu, uwapange kama zamani, usimame mbele yao hata kama mguu unauma, na uwaite. Waache waitikie. Ukifika kwa Kabeya utaona ni yeye aliyeongoza darasa lote, asilimia sabini na moja. Hapo ngoja kidogo kama nilivyongoja mimi, ndipo umkabidhi mama yake. Najua mnaishi naye ua mmoja. Mwambie kwamba jina la mwanawe lilisomwa bungeni, na kwamba aliitikiwa.

Kifurushi cha kitambaa ni kitabu chako. Nimekichunga kama ulivyosema, na waliuliza kama ulivyosema.

Msalimie sana Mama mkubwa Ndaya, mwambie dada yake Mamie amemwekea mbegu za mboga za lenga-lenga ndani ya kitambaa, asije akazitupa. Mkumbatie Mbelu mpaka alalamike. Baba Kitenge anakusalimu, na anasema ile nafasi yako kwenye benchi la kanisa hajamruhusu mtu kuikalia. Tata Séraphin naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Mungu awape nyumba yenye mlango wenu wenyewe, na akuondolee maumivu ya mguu ili usimame mbele ya watoto miaka mingi.

Ni mimi mwanao na mwanafunzi wako, nikupendaye popote karatasi zitakapoamua kukuweka,

Mignonne Kitenge

Tena: kwenye kitabu chako kuna safu ya mwisho, ile ya matokeo, uliyoiacha tupu ulipopanda treni. Nimeijaza yote, mistari arobaini na mitatu, kwa wino. Na juu ya ukurasa, palipoandikwa mahali wanapotoka wanafunzi, nimeandika mara moja tu kwa wote: Kolwezi.